Sakafu Ilisiribwa Lini

Kwetu mgeni hakanyagi sakafu yenye nyufa. Akitanguliza salamu kwamba atafika Jumamosi, wewe Ijumaa unatafuta mavi mabichi ya ng'ombe, kwa Kiha tunayaita amase, unayakanda na udongo mwekundu na majivu ya jikoni, unasiriba nyumba nzima. Unaanzia pembe ya ndani, unarudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Mgeni akiingia anakuta sakafu imekauka, haina hata ufa wa kupitisha siafu. Yeye hasemi kitu na wewe husemi kitu, lakini amejua kwamba ameheshimiwa. Mimi nilifundishwa hivyo na mama mkwe wangu, ambaye hakuwahi kunisifu, na nimewafundisha hivyo wote waliopita mikononi mwangu.

Mmoja wao ni mjukuu wangu, binti wa mwanangu aliyefariki. Nilimlea mwenyewe hapa mlimani, nje kidogo ya mji wa Kasulu. Marehemu babu yake alikuwa akimwita mke wake mdogo, kwa hiyo mimi na yeye tunaitana mke mwenza, na tunagombana kama wake wenza kweli. Leo ni mtafiti wa magonjwa ya binadamu. Kazi yake ni kuchunguza, kuandika alichokiona, na kuyatoa maandishi hayo kwenye majarida ambayo watafiti wa dunia nzima wanayasoma. Cheo huko kwao hakipandi kwa umri wala kwa kujipendekeza, ndivyo alivyonieleza. Kinapanda kwa ulichoandika, na kwa wenzako wangapi wamekitumia.

Nataka kuandika namna sakafu yangu ilivyotaka kumnyima cheo, na namna ilivyokuja kumpa.

Ilikuwa mwaka 2012. Ofisi yao ilitaka kujua homa ya papasi imeenea kiasi gani katika vijiji vya Kasulu na Kibondo. Papasi ni wadudu wanaokaa kwenye nyufa za nyumba za udongo, wanatoka watu wakilala, wananyonya damu na kurudi ufani. Homa yao tunaijua sisi. Inakuchoma siku kadhaa, inaondoka, unashika jembe ukidhani umepona, kumbe imeondoka kama mgeni aliyesahau fimbo, inarudi kuichukua. Wajawazito ndio inaowaumiza zaidi. Mimba yangu ya pili iliondoka na homa hiyo.

Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano. Akatangaza kwamba wataalamu watakuja Alhamisi, wataingia nyumba kwa nyumba kutafuta papasi, tuwape ushirikiano. Sisi wanawake tulitoka pale mkutanoni tukaenda moja kwa moja kutafuta amase. Wenye ng'ombe walipata heshima wiki ile. Jirani yangu, ambaye wazazi wake walitoka Burundi zamani na mdomo wake hauna likizo, alisiriba mpaka banda la mbuzi. Vitanda tulivitoa nje. Maji ya moto tulimwaga kwenye nyufa kwanza, kisha tukasiriba juu yake.

Alhamisi wakaja. Mjukuu wangu hakuwemo, wakati ule alikuwa mdogo kazini, kazi yake ilikuwa kubaki maabara na kuwachunguza papasi atakaoletewa. Waliokuja walikuwa vijana wenye adabu. Walipiga magoti na vijiko vyao, wakachokonoa pembeni, wakachekecha kidogo walichopata. Hawakupata papasi. Nyumba hii na ile, hakuna. Jirani yangu aliwasindikiza mpaka barabarani akiwaambia wakatangaze huko waendako kwamba kijiji hiki si cha watu wachafu.

Wakatangaza kweli. Mwaka uliofuata mjukuu wangu alikuja likizo na makala iliyochapishwa. Ilikuwa makala ya mkubwa wake wa kazi, lakini jina la mjukuu wangu lilikuwemo katikati ya majina mengine, na mimi niliyesoma ngumbaru tu nililitambua. Nililipitishia kidole. Nikamwita jirani aje aone. Mjukuu wangu akatusomea kwa Kiswahili kwamba katika vijiji vya upande wetu papasi hawakuonekana, kwa hiyo homa zinazorudi hapa huenda ni za kitu kingine. Jirani akapiga vigelegele. Mimi nilifurahi moyoni, nikaongeza chumvi kwenye maharage.

Mjukuu wangu hakufurahi. Alikuwa anaangalia chini, miguuni pangu. Sakafu ilikuwa imesiribwa upya, maana yeye naye alikuwa mgeni.

"Bibi," akasema, "siku ile walipokuja wenzangu, mlikuwa mmesiriba?"

"Ulitaka tuwapokeeje? Kwenye vumbi?"

"Nyumba zote?"

"Hata banda la mbuzi," akasema jirani.

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha nikaona kicheko kinaisha na yeye hainuki. Nikamuuliza ana nini. Akasema jina lake limo kwenye ile makala. Watafiti wengine wataisoma na kuiamini, daktari wa hospitali ataisoma, na mama mjamzito wa kijiji hiki akienda na homa hataulizwa kuhusu papasi, kwa sababu imeandikwa kwamba papasi hapa hawapo.

Nilirudi kwenye maharage yangu. Sakafu nimesiriba tangu nilipoolewa, sijawahi kuona inaleta maneno.

Miezi michache ikapita. Nikiwa naanika mihogo, nikaona gari linapanda mlima wetu. Mjukuu wangu akashuka na mwenzake mmoja wa maabara, wameshika vijiko na chekecheke. Hakuna salamu iliyotangulia. Mwenyekiti alijua, lakini alikuwa ameombwa asiseme siku. Sakafu yangu ilikuwa na nyufa kama kisigino cha mkulima. Nilisimama mlangoni nikauzuia mlango.

Nilimwambia kwamba mtu hamletei bibi yake wageni namna hiyo. Akapiga magoti pale pale nje, kama nilivyomfundisha, akanisalimu salamu ndefu yote ya Kiha, ya kunishika mikono na kuniulizia kila kitu mpaka kuku. Alipomaliza akasema, "Mke mwenza, leo sikuja kama mgeni. Nimekuja kazini. Ukinisubirisha mpaka usiribe, nitaandika uongo mara ya pili."

Nikatoka mlangoni.

Walichota udongo chini ya kitanda changu mwenyewe. Waliuchekecha juani kwenye shuka jeupe. Mwanzoni ni vumbi tu, kisha vumbi likaanza kutembea. Papasi wakubwa kama punje za mtama mwekundu, na wadogo wao. Nilikuwa nimelala juu yao miaka yote. Kwa jirani walipata wengi zaidi, na huko hakukuwa na vigelegele. Alimwambia mjukuu wangu kwamba amewavua nguo wanawake waliomlisha. Akaniambia na mimi kwamba wajukuu wa wenzangu wanarudi na mabati, wangu anarudi kuhesabu wadudu wa bibi yake.

Jioni ile mjukuu wangu aliniomba ruhusa. Alisema anataka kuandika makala yake, itakayosema wazi kwamba watafiti wakitangaza siku, nyumba husiribwa, na papasi hawaonekani ingawa wapo. Itasema kwamba makala ya kwanza ilikosea, na kwa nini ilikosea. Hatataja jina la mtu wala la kijiji. Lakini nikisema hapana, nyumba yangu haitaingia.

Nilimwambia aandike. "Ila uandike na hili. Hatukuficha wadudu. Tuliheshimu wageni. Usipoliandika hilo, hujaandika kitu."

Akasema ataliandika.

Sasa hapo ndipo shida yake ilipoanza. Makala ya kwanza ilikuwa na jina la mkubwa wake, na mkubwa huyo ndiye aliyekuwa na kauli kuhusu nani apande cheo na nani abaki kuosha chupa. Alipompelekea habari, mzee yule hakufoka. Alimwambia tu kwamba hawezi kuweka jina lake kwenye karatasi ya mavi ya ng'ombe. Akamshauri, kama baba anavyomshauri mtoto, aendelee na kazi zenye maana na ajenge rekodi yake ya machapisho, asije akajulikana kama mtu wa kusahihisha wakubwa. Watu wa ofisini wakaidaka. Ikawa akipita wanamuuliza hali ya ng'ombe.

Alikuja kwangu. Nilimwona anaosha sufuria ambayo tayari ilikuwa safi, nikajua. Akanieleza yote. Akasema akiitoa makala ile, jina lake ndilo litakuwa la kwanza, na la pili ni la yule mwenzake wa maabara, basi. Hakuna mkubwa wa kumkinga nyuma.

Nikamuuliza, jina la kwanza maana yake nini? Akasema ni la aliyefanya kazi yenyewe. La mwisho kwa kawaida ni la mkubwa. Ya katikati ni ya waliosaidia.

Nilimwambia hilo si geni. Pombe ya ndizi ikiiva, anayeonja wa kwanza ni aliyeipika. Haonji kwa sababu ana kiu. Anaonja mbele ya watu ili waone, kama ina sumu, atakufa yeye. Mkubwa anakunywa baadaye, ameshaona mpishi yu hai. "Wewe umepika," nikamwambia. "Unaogopa kuonja?"

Alirudi kwenye sufuria yake. Aliondoka asubuhi na maharage niliyomfungia. Nilipiga simu kesho yake kuuliza kama amefika. Simu kwangu inashika ukisimama juu ya kichuguu nyuma ya migomba tu, kwa hiyo maongezi yangu yote ya miaka ile niliyafanya nimesimama kichuguuni kama mlinzi wa ndege shambani. Akasema amefika, na makala ameshaituma.

Jarida la kwanza liliirudisha. La pili likamuuliza maswali mengi, akayajibu, likamuuliza mengine. Mwaka 2014 ikatoka. Ilikuwa fupi. Aliniletea nakala, nikaliona jina lake juu kabisa, halina mtu mbele yake. Nikamwambia anionyeshe pale palipoandikwa kuhusu heshima. Akanionyesha mstari, akanisomea. Ilisema wenye nyumba walisiriba kama desturi ya kupokea wageni, wala si kwa nia ya kuficha. Nilimwambia asome tena. Kisha nikaikunja nakala ile, nikaiweka kwenye sanduku la kanga zangu, na sikumwita jirani. Nilimwacha asikie mwenyewe.

Kwa muda hakukuwa na chochote. Nilidhani makala ikitoka watu wanakupigia makofi, kumbe inakaa kimya kama mbegu. Mjukuu wangu alikuwa na makala nyingine zilizobeba jina lake katikati, ameandika pamoja na wakubwa, za magonjwa mengine yenye majina marefu. Alizitegemea hizo. Mwaka 2015 kamati ikapangwa kukaa kuamua kama apande awe mtafiti mwandamizi na kuongoza kazi zake mwenyewe. Asipopanda, mkataba wake unaisha, na anaanza kutafuta pa kuosha chupa kwingine. Kabla ya kikao mtu mmoja wa kamati alimdokeza kwamba zile za katikati watasema ni za wakubwa, yeye amepanda mkokoteni tu. Yake ya kweli ni moja. Ile ya sakafu.

Siku hizo nilikaa sana kichuguuni. Wakimbizi wa Burundi walikuwa wameanza kuingia, kambi ya Nduta kule Kibondo ilikuwa inafunguliwa upya, na binti yangu anayeishi Kibondo akanieleza kwa simu magari yanavyopita. Mimi nilikuwa nasubiri simu moja. Jirani akaniuliza mbona nimegeuka mchwa. Nikamwambia mjukuu wangu anahukumiwa kwa sakafu zetu. Akarudi kwake. Kesho yake alinikuta kichuguuni, akasimama na yeye chini yake, hakusema kitu mpaka nilipoteremka. Kwa yule, hiyo ni sala.

Simu ikaja mchana, nimeshika jembe. Hakuanza na kikao, alianza mbali. Aliniuliza kama nakumbuka alivyonieleza habari ya kunukuliwa. Nikasema nakumbuka kidogo. Akanieleza upya. Mtafiti akitumia kitu alichokigundua mwenzake, lazima amtaje mwenyewe kwenye maandishi yake. Asipomtaja, huo ni wizi. Nikamwambia basi huko kwao kuna adabu. Akasema wakati mwingine.

Kisha akasema kwamba ile makala ya sakafu, ambayo hakuna aliyeitaka, imenukuliwa kuliko zote alizowahi kushiriki. Waliichukua watu wa papasi, wakaja watu wa viroboto, wakaja wa funza, wa nchi ambazo nyumba ni za udongo kama zetu. Aliniambia idadi, sikuishika. Nilichoshika ni hiki: kwamba kuna mtu katika nchi nisiyoijua, anafika kwenye nyumba ya bibi kama mimi, na kabla hajachokonoa ufa wowote anauliza kwanza sakafu ilisiribwa lini. Anaandika jibu. Na mwisho wa maandishi yake anaweka jina la mjukuu wangu, kwamba huyu ndiye aliyenifundisha kuuliza.

"Na kikao?" nikamuuliza.

"Subiri, Bibi. Mkubwa wangu naye ametoa makala mpya mwezi uliopita. Amerudia hesabu zake zote za Kasulu."

"Amesemaje?"

"Amenitaja. Kwenye ukurasa wa kwanza. Amesema nilionyesha kosa, na amelirekebisha. Kwenye kikao yeye ndiye aliyesimama kunisemea. Nimepanda, Bibi."

Nilimwambia sawa. Nilimwambia asisahau kula. Nilipoteremka kichuguuni jembe nililiacha kule juu, nikagundua nimefika shambani mikono mitupu. Jirani alikuwa anapalilia upande wake. Nikamwambia, kwa sauti ya kawaida, kwamba karatasi ya mjukuu wangu imefika nchi ambazo mabati ya wajukuu wa wenzetu hayatafika. Akauliza, papasi waliotoka kwake wamo humo? Nikamwambia wamo, tena ndio wengi. Akaegemea jembe. Akasema, "Basi na mimi nimeandika." Sikumbishia. Ni kweli.

Miezi haikupita mingi, gari likapanda mlima tena. Safari hii mjukuu wangu alishuka na mwanamume mwenye mvi, mnene kidogo, amevaa viatu vya mjini. Walikuwa wanakwenda Nduta. Watu wengi walikuwa wanalala chini kule kambini, na ofisi iliwapa kazi ya kuangalia homa, mjukuu wangu akiwa kiongozi na huyo mzee akiwa mshauri. Ndiye yule mkubwa wake. Hawakutanguliza salamu.

Nilikuwa nimechelewa kusiriba mwezi ule. Sakafu ilikuwa imepasuka kutoka mlangoni mpaka kitandani, na mimi nimesimama katikati yake na ufagio. Nilitamani ardhi ifunguke zaidi. Mzee akavua viatu mlangoni. Akaniamkia shikamoo ingawa tunalingana. Akaingia, akaangalia chini muda mrefu, kama mtu anayesoma.

"Bibi," akasema, "sakafu hii ilisiribwa lini?"

Nikamwambia zamani. Nikamwambia angetuma salamu, angeikuta imesiribwa jana.

"Najua," akasema. "Niliwahi kutuma."

Mjukuu wangu akageukia ukutani. Nilijua anacheka, mabega yake nayajua. Nikampa mzee kigoda, akakaa juu ya nyufa hizo hizo, na mimi sikumwomba radhi, kwa sababu amekuja namna ambayo mjukuu wangu mwenyewe aliiandika kwamba ndiyo sahihi. Nilikuwa na pombe ya ndizi ya juzi. Nikaimimina kwenye kibuyu, nikawa nataka kuonja, maana ndiye niliyeipika. Kisha nikamwangalia mke mwenza wangu, amesimama pale na begi lake la kazi begani, uso umechoka kwa barabara ya vumbi.

Nikampa yeye kibuyu. Akaelewa. Akanywa wa kwanza, taratibu, mbele ya mzee, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono, akasubiri kidogo ili aonekane yu hai. Ndipo akakishika kibuyu kwa mikono miwili, akapiga goti, akampa mkubwa wake.